Nani Kaukunja?

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingine zimevitenga. Mwavuli ni ule wa kukinga mvua na jua, na mwavuli ni ule wa kushukia kutoka angani. Wanajeshi wanaoruka kutoka kwenye ndege tunawaita askari wa miavuli, na hakuna anayecheka. Wapo wanaopendelea parachuti, na magazeti hutumia yote mawili. Mimi nashikilia mwavuli, kwa sababu za kihistoria: kile cha kwanza kilikuwa mwavuli kweli kweli.

Tarehe 22 Oktoba 1797, jijini Paris, André-Jacques Garnerin alipaa kwa puto la hidrojeni kutoka bustani ya Monceau. Alikuwa amesimama ndani ya kikapu, na juu ya kikapu palining'inia kitambaa kilichofumbwa kama mwavuli wa bibi anayetoka kanisani, chenye mti katikati. Alipofika karibu kilomita moja juu, akakata kamba. Puto likaenda zake, kitambaa kikafunuka, na kikapu kikaanza kuyumba kama pendulo, kwa sababu hewa iliyobanwa chini ya kitambaa haikuwa na pa kutokea ila pembeni, mara huku, mara kule. Alitua akiwa mzima. Baadaye ikajulikana kwamba tundu dogo juu ya kitambaa lingeutuliza mwavuli.

Tasnifu yangu ya uzamili haimhusu Garnerin, wala askari wa miavuli, wala wale wanaoruka kutoka ukingo wa anga huku kampuni za vinywaji zikilipia. Naandika kuhusu watu wa Jumamosi: mwalimu wa sekondari, fundi umeme, mhasibu, watu wanaotoa pesa mfukoni mwao ili washushwe angani na Jumatatu warudi kazini. Msimamizi wangu aliposoma rasimu ya kwanza aliniuliza, kwa ule upole wa wasimamizi, historia iko wapi hapa. Insha hii ni sehemu ya jibu nililompa, bila tanbihi.

Anza na hesabu ya siku moja. Ndege hupanda hadi karibu mita 4,000. Mrukaji huanguka kwa kama dakika moja, kifudifudi, kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa, kisha hufungua mwavuli na kuelea dakika tano hivi hadi chini. Hali ya hewa ikimkubalia ataruka mara nne au tano kwa siku. Maana yake, tangu asubuhi hadi jua kuzama, ameanguka dakika tano. Saa nyingine zote zimekwenda wapi? Zimekwenda kusubiri upepo upungue. Kusubiri mawingu yafunguke. Kusubiri ndege ijae, maana ndege haiendi na nafasi tupu, sawa na daladala. Kupiga hesabu kama mshahara utavumilia mruko mwingine. Kwa Marekani tiketi moja ya kupandishwa ni kama dola 30, na hapo mwavuli ni wako. Zilizobaki zimekwenda kukunja.

Kukunja ndiko kunakokula siku. Anayejifunza huchukua nusu saa hadi saa nzima kwa mwavuli mmoja. Mzoefu, dakika kumi. Kamba hufuatwa moja moja kutoka kwenye mikanda ya mabega hadi kwenye kitambaa, kuhakikisha hakuna iliyosokotana. Kitambaa hulazwa sakafuni, hewa hutolewa kwa magoti na kifua, halafu kitu kilichokuwa na ukubwa wa chumba cha kulala hushurutishwa kuingia kwenye mfuko mdogo kuliko mto. Aliyewahi kupambana na chandarua cha duara asubuhi akitaka kikae juu ya kitanda bila kububujika ana picha ya kutosha. Kwenye viwanja vikubwa wapo wakunjaji wa kulipwa kwa kila mwavuli, na mrukaji mwenye uwezo huwaachia kazi hiyo akaenda kunywa chai. Kwa hiyo mtu anapanda ndege akiwa amebeba mgongoni kazi ya mikono ya mtu mwingine, ambayo hataiona mpaka itakapofunguka.

Na mgongoni kuna miavuli miwili. Mkuu hukunjwa na mwenyewe au mkunjaji. Wa akiba, kwa sheria ya Marekani ambayo nchi nyingi zina mfano wake, hukunjwa na fundi mwenye leseni tu, na lazima ufunguliwe na kukunjwa upya kila baada ya siku 180 hata kama haukutumika. Hadi mwaka 2008 zilikuwa siku 120. Fundi akimaliza hufunga kwa uzi mwekundu na lakiri ndogo ya risasi yenye alama yake, kisha huandika kwenye kadi inayokaa ndani ya mkoba: tarehe, mahali, sahihi. Mwanahistoria akiona kadi yenye tarehe na sahihi hapiti bila kusimama.

Mama yangu ni fundi cherehani, ana kibanda Tanga kwenye moja ya zile barabara zenye namba. Nilipompigia simu kumwambia kwamba nitavuka mpaka wa Horohoro niende Diani, na kwamba huko nitaruka nikiwa nimefungwa kifuani mwa mkufunzi, nilitegemea mahubiri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaeleza. Akanyamaza kidogo. Hakuuliza urefu, wala bei.

“Nani kaukunja?” akauliza. Halafu: “Na mshono wake ni mmoja au miwili?”

Tangu hapo nimeisoma historia nzima ya mchezo huu kwa swali hilo la kwanza. Si swali dogo. Kwa karne moja baada ya Garnerin halikuwepo, kwa sababu mwavuli haukukunjwa. Ulining'inia chini ya puto, wazi au nusu wazi, kila mtazamaji akiuona. Ulipoanza kuingizwa mfukoni ndipo mtu akaanza kuhitaji kumwamini mkunjaji.

Mmoja wa waliouingiza mfukoni alikuwa mshonaji. Käthe Paulus, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1868, alishona nguo kabla hajaanza kuruka kutoka kwenye maputo ya maonyesho pamoja na mchumba wake, Hermann Lattemann. Mwaka 1894 mwavuli wa Lattemann haukufunguka, na Paulus, aliyekuwa angani siku ileile, aliona kwa macho yake. Aliendelea kuruka, zaidi ya mara mia. Akatengeneza mwavuli unaokunjwa ndani ya mfuko, na Vita Kuu ya Kwanza ilipofika alishonea jeshi la Ujerumani miavuli ipatayo 7,000 kwa ajili ya walinzi waliokaa kwenye maputo. Sijui mshonaji mwingine ambaye mishono yake iliwahi kubeba watu wengi kiasi hicho, na bado vitabu vingi vya historia ya anga humpa aya moja.

Fundi mwingine wa nguo amepata umaarufu zaidi, kwa bahati mbaya. Franz Reichelt, mshonaji wa Paris, aliunda vazi la kurukia ambalo mtu angelivaa kama koti. Tarehe 4 Februari 1912 mamlaka ya jiji ilimruhusu alijaribu kwa sanamu kwenye roshani ya kwanza ya mnara wa Eiffel, mita 57 juu. Alipofika akalivaa mwenyewe. Wapiga picha za filamu walikuwepo, na ile filamu bado inazunguka mitandaoni, watu wakiiangalia kwa kucheka. Mimi niliiangalia mara moja, na kinachonishika si kuanguka kwake bali zile sekunde ndefu anazosimama ukingoni akisita, mguu mmoja juu ya ukuta, kama anayesikiliza upepo.

Jambo la pili lililohitajika ni mkono wa mrukaji mwenyewe. Awali kamba iliyofungwa kwenye puto au ndege ndiyo iliyouvuta mwavuli utoke. Iliaminika sana kwamba mtu anayeanguka bure angepoteza fahamu, au walau akili, asiweze kuvuta chochote. Jibu la mapema lilitoka kwa msichana aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha pamba huko Carolina Kaskazini. Georgia Thompson, aliyejulikana kama Tiny Broadwick kwa udogo wake, alijiunga na maonyesho ya maputo akiwa na miaka 15, tayari ni mama wa mtoto mmoja. Mwaka 1914, akilionyesha jeshi la Marekani mwavuli wa mgongoni huko San Diego, kamba yake ilinasa mkiani mwa ndege. Katika mruko mwingine akaikata kamba, akaacha kipande kifupi, akaanguka, akavuta mwenyewe. Hakuzimia.

Hata hivyo jeshi halikushawishika kwa miaka mingine mitano. Tarehe 28 Aprili 1919, kwenye uwanja wa McCook, Ohio, Leslie Irvin aliruka kutoka kwenye ndege iliyorushwa na Floyd Smith, ambaye ndiye aliyeongoza kubuni mwavuli ule wenye mpini wa kuvuta. Irvin alivuta, ukafunguka, akatua na kuvunjika kifundo cha mguu. Huyo ndiye anayetajwa kwenye vitabu. Nina mawazo yangu kuhusu kwa nini ushahidi wa mwanamke wa maonyesho ulihesabika burudani na ule wa 1919 ukahesabika jaribio la kisayansi, na nadhani msomaji anayo yake.

Vita Kuu ya Pili nitaipitia haraka, kwa kuwa imeandikwa mno. Hariri ya Japani ilikatika, nailoni ikachukua nafasi yake, miavuli ikatengenezwa kwa wingi usio na mfano, na vita vilipokwisha mabaki yakauzwa kwa bei ya kutupa. Maharusi Ulaya na Marekani walishonewa magauni ya kitambaa cha mwavuli. Mama alipenda sana habari hii. Na vijana waliotaka kuruka bila vita wakanunua yaleyale mabaki.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Bled, Yugoslavia, mwaka 1951. Lakini kwa mtu wa Jumamosi tarehe muhimu zaidi ni 1959, pale Jacques-André Istel na Lew Sanborn walipofungua kituo cha biashara cha kufundisha kuruka katika mji mdogo wa Orange, Massachusetts. Kabla ya hapo kuruka kulikuwa kazi ya askari au ya mtu wa maonyesho. Sasa mwanafunzi wa chuo angeweza kulipa ada, akafundishwa kwa saa chache, akapandishwa.

Alichovaa mtu huyo kinafaa kuelezwa. Mwavuli wa duara wa rubani wa jeshi, ambao yeye na wenzake waliukata matundu nyuma ili hewa ikitoka umsukume mbele na aweze kuugeuza. Mwavuli wa akiba tumboni, mkubwa kama mtoto wa kubebwa. Kofia ngumu na mabuti mazito ya ngozi yenye soli nene, kwa sababu mwavuli wa duara ulikushusha kwa kishindo na ulitua ulikotua. Mafunzo mengi yalikuwa ya kuanguka: miguu pamoja, magoti yakunje kidogo, ubiringike. Anayeruka leo na kutua akitembea kama anayeshuka ngazi ya basi hajui vifundo vingapi vilivunjika kabla yake.

Hatari nyingine haikuwa ya kitambaa wala ya kifundo. Ilikuwa ya kujua uko wapi. Ndege ikiwa juu mita elfu kadhaa, ni nani anayesema “sasa”? Desturi ilikuwa mrukaji mzoefu kuchungulia mlangoni, kutafuta uwanja kwa macho, kukadiria upepo na kumwashiria rubani. Ni ufundi wa jicho, nao unahitaji jicho lione ardhi.

Tarehe 27 Agosti 1967 kundi la warukaji wa Jumapili lilipanda ndege ya zamani ya kivita aina ya B-25 huko Ohio. Kwao ilikuwa fursa adimu, maana ndege ndogo walizozizoea hazikuweza kuwafikisha karibu mita 6,000. Chini yao mawingu yalikuwa yamefunga. Rubani aliongozwa kwa redio na mwongoza ndege aliyekuwa akiangalia alama kwenye rada, na alama aliyoiangalia haikuwa ya B-25. Ilikuwa ya ndege ndogo aina ya Cessna iliyokuwa kwenye eneo lilelile. Wakaambiwa wako karibu na uwanja wao. Watu 18 wakatoka mlangoni, wakaanguka, wakapita kwenye mawingu, na walipotokea upande wa chini waliona maji. Ilikuwa Ziwa Erie, kilomita kadhaa kutoka ufukweni.

Fikiria vitu walivyovaa. Yale mabuti. Ovaroli nzito. Mkoba wa nyuma na mkoba wa tumboni, mikanda iliyofungwa kwa vifungo vya chuma, na kitambaa cha nailoni kinachokufunika kichwani pamoja na kamba zake majini. Hawakuwa na maboya, kwa kuwa nani huvaa boya kwenda kuruka juu ya shamba? Kumi na sita walizama. Wawili waliokolewa na boti.

Uchunguzi ulitaja mambo mawili, kosa la rada na uamuzi wa kuruka kupita mawingu, na baadaye mahakama ikaona kwamba serikali ya Marekani inawajibika kwa kosa la mwongoza ndege. Nimesoma mabishano ya pande zote, na bado narudi kwenye jambo dogo: miavuli yao ilifunguka. Waliokunja walikunja vizuri. Swali la mama lilikuwa limejibiwa, na halikutosha. Mrukaji wa leo anayekerwa kuambiwa ashuke na ndege kwa sababu mawingu yamejifunga, akiwa amelipa na amevaa tayari, hajui kwamba anaongea na watu wa Ziwa Erie.

Miaka ileile ya sitini umbo la mwavuli lilibadilika. Domina Jalbert, aliyekuwa mtengeneza tiara na maputo, alisajili ubunifu wa kitambaa cha tabaka mbili chenye vyumba vilivyo wazi mbele. Hewa ikiingia humo, kitambaa hukakamaa na kuwa bawa. Mwavuli ukaacha kuwa mwavuli. Sasa ulikwenda mbele, ukageuka, na ukivutwa breki za mkononi karibu na ardhi ulisimama kwa upole. Tatizo ni kwamba ulifunguka kwa ghafla kiasi cha kuumiza shingo na kupasua kitambaa. Ufumbuzi uliodumu ni wa kuchekesha kwa wepesi wake: kipande cha kitambaa cha pembe nne, pete moja kila pembe, kamba zikipita ndani ya pete. Kinapokuwa juu huzibana kamba pamoja. Hewa inapojaza bawa hukisukuma chini taratibu, na mwavuli hufunguka kwa sekunde tatu au nne badala ya kupasuka kama baruti. Hakina injini, hakina chemchemi. Mkunjaji akisahau kukipandisha juu, mwenye mwavuli atamkumbuka.

Halafu pete nyingine. Mwavuli mkuu ukifunguka vibaya, ukasokotana au ukazunguka, lazima uutupe kabla hujafungua wa akiba, la sivyo viwili vitakumbatiana. Zamani hilo lilihitaji kufungua vifungo viwili vya chuma, kila bega na chake, huku mtu anazungushwa. Akifaulu kimoja tu, hali ilikuwa mbaya zaidi ya mwanzo. Katika miaka ya sabini Bill Booth, Mmarekani mwenye ndevu ndefu ambaye karibu kila mrukaji hai ana deni kwake, alipanga pete tatu kwa kila bega, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja ikipita ndani ya iliyotangulia na kukunjwa juu yake. Uzito unaobebwa na pete kubwa hupungua kwenye ya pili, hupungua tena kwenye ya tatu, hadi mwisho kinachoshikilia yote ni kitanzi chembamba na waya laini ambao mkono mmoja huuchomoa pande zote mbili kwa mara moja. Ni nyenzo, kama mtaimbo wa kung'olea jiwe. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuieleza kwenye mtihani.

Kilichobaki ni mtu ambaye havuti kabisa: aliyegongwa kichwani na mwenzake hewani, aliyechanganyikiwa, au aliyepoteza hesabu ya muda. Mwaka 1991 kampuni ya Kijerumani ya Airtec, chini ya Helmut Cloth, ilitoa kifaa kidogo kiitwacho CYPRES. Kompyuta yake hupima shinikizo la hewa. Ikigundua kwamba mtu yuko kama mita 225 kutoka ardhini na bado anashuka mita 35 kwa sekunde, hukata kitanzi kinachofunga mwavuli wa akiba. Hakivuti kitu, hukata tu. Warukaji wengi wazoefu walikikejeli mwanzoni. Vifaa vilivyokitangulia viliwahi kufunguka pasipostahili, na isitoshe palikuwa na kiburi: mashine ni ya wanafunzi, mimi najua kuvuta. Kiburi hicho kilichukua miaka michache kuisha, na kilikwisha kwa mazishi zaidi kuliko kwa hoja.

Takwimu za Marekani zinaonyesha safari hiyo. Katika miaka ya sabini walikufa, kwa wastani, zaidi ya warukaji 40 kila mwaka. Mwaka 2021 walikufa 10, katika miruko ipatayo milioni tatu na nusu. Hapo ndipo wengi humalizia hadithi, wakishangilia teknolojia. Mimi naona sehemu ngumu inaanzia hapo. Booth mwenyewe aliwahi kueleza, nusu kwa utani, kwamba vifaa vikizidi kuwa salama warukaji huongeza ujasiri mpaka hesabu ya vifo irudi palepale. Hesabu haikurudi palepale, lakini vifo vimehama. Sehemu kubwa ya wanaokufa siku hizi hufa chini ya mwavuli uliofunguka vizuri, usio na kasoro hata moja. Mwanafunzi hupewa mwavuli wenye eneo la mita za mraba 20 au zaidi. Mzoefu huweza kununua wenye chini ya mita 10, ambao hupiga mbizi ukigeuzwa na hutua kwa kasi ya pikipiki. Kijana mwenye miruko mia moja huona wakubwa wakifagia nyasi kwa miguu huku watu wakipiga makofi, naye huutaka huo mdogo. Akigeuka akiwa chini mno, pete tatu hazimsaidii. CYPRES pia haimsaidii. Kwa mujibu wake, mtu huyu yuko chini ya mwavuli mzima.

Wala mikono mizoefu haina kinga. Mfaransa Patrick de Gayardon, ambaye katika miaka ya tisini alikuwa labda mrukaji mashuhuri kuliko wote duniani, alikufa Hawaii mwaka 1998 kutokana na kosa kwenye marekebisho aliyokuwa ameyafanya mwenyewe kwenye mkoba wake. Nilimsimulia mama. Alisema fundi hashoni nguo yake mwenyewe akiwa ameivaa. Sina hakika kama ni methali au aliitunga hapohapo.

Diani. Mruko wenyewe nauacha, kila anayeruka mara moja ameuandika na sote tumetumia maneno yaleyale. Nilikwenda kutazama yaliyo chini. Mafundisho ya mchezo huu yametungwa na watu wa mashamba makavu na viwanja vya nyasi, na pwani yetu ina mambo yake. Bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, kwa hiyo mahali pa kutua asubuhi ni maji jioni. Anayepanga miruko hapa husoma majedwali ya maji kama mvuvi. Kusi linapovuma sawasawa hakuna wa kumwomba. Chumvi hula nailoni na kutafuna chuma, na mwavuli uliolowa bahari lazima usuuzwe kwa maji baridi kabla haujakauka. Mchanga ndio mbaya zaidi: hujificha kwenye mikunjo, husaga kitambaa na kamba kila mwavuli unapofunguka.

Na wote wanaoelea pale juu mbele ya hoteli, wakipigwa picha na watalii, wanabebwa na vijana wachache waliopiga magoti juu ya turubai kivulini. Nilikaa nao alasiri mbili nikiandika. Siku ya pili upepo ulipanda baada ya saa nane, ndege ya mwisho ikafutwa, na wageni wawili waliokuwa wamevaa tayari wakaanza kuvua mikanda wakinung'unika kwa Kijerumani. Mkunjaji niliyekuwa naye hakuinua kichwa. Alikuwa ameufungua tena mwavuli alioumaliza muda si mrefu, kwa sababu alisikia punje chini ya kiganja. Akaukung'uta, akaupangusa mfuko kwa ndani, akaanza upya kutoka kamba ya kwanza.